Swali la kaka: nani kanipa?

Jumatatu ya wiki ile kaka yangu alinipigia saa nne asubuhi, muda ambao anajua kabisa niko maabara na simu naiacha kwenye droo, nilivyokuja kuiona nikakuta kapiga mara tatu, nikatoka koridoni nimeshajiandaa na msiba. Hakukuwa na msiba. Alikaa kimya kidogo afu akasema, "Sista, wamenipima ini, wanasema nina C." Yaani homa ya ini aina ya C. Badala ya kujibu kama mdogo mtu mi nikajibu kama mtu wa maabara, nikamuuliza wamepima kingamwili au wamepima kirusi chenyewe, akasema "sijui bwana, wamepima damu." Halafu ndo akauliza hilo swali lililonifanya nikae niandike hii yote: "We si unajua mambo ya vinasaba, huwezi ukanichekia nani kanipa?"

Kwa wageni wa hapa, kaka yangu alikuwa teja. Nasema alikuwa kwa sababu sasa hivi anaenda mwaka wa tatu kwenye methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, kila siku ya Mungu, Jumapili, Idi, Krismasi, anapanga foleni kliniki, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya nesi, anaambiwa aseme neno ili wajue amemeza na hajaificha mdomoni, anasema "asante", anaondoka zake kwenda kuosha magari. Kabla ya hapo ni miaka tisa ya unga, mitano ya mwisho akijidunga. Nyumbani kwetu kuna vitu viliondoka kipindi kile, pasi, tivii, mtungi wa gesi mara mbili, na kile kitenge alichovaa mama kwenye msiba wa baba, ambacho mpaka leo hatukitaji hata kwa utani.

Sasa aliyempa majibu (simtaji mtu wala sehemu) alimwambia kwa sauti, watu wako kwenye benchi wanasikia, "si mlikuwa mnapeana wenyewe huko maskani, unashangaa nini?" Hiyo ndo iliyomchoma. Ugonjwa hakuuelewa hata, ila ile "mnapeana wenyewe" aliibeba mpaka nyumbani.

Jioni nikapitia kwake Kigogo na chipsi mayai, tukakaa kwenye ndoo mbili nje ya chumba chake. Cha kwanza nilimwambia asichanganye na ile B. Watu wengi tunasema tu "homa ya ini" kama vile ni moja. B ina chanjo, watoto wetu wanachomwa wakiwa wachanga. C haina chanjo mpaka leo, kwanza hata kujulikana ilijulikana mwaka 1989, kabla ya hapo madaktari walikuwa wanaiita "siyo A wala B", kama mtoto asiyepewa jina, na waliokigundua hiki kirusi walikuja kupewa Nobeli mwaka 2020. Cha pili, kile kipimo cha kwanza kinaonyesha kwamba mwili ulishawahi kukutana na kirusi, hakisemi kama bado kipo. Kuna watu kama thelathini kwenye mia mwili wao unakiondoa wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Waliobaki kinakaa, miaka kumi, ishirini, kimya, huku ini linakakamaa polepole na mtu anaendelea kuosha magari na kucheka na wateja. Kwahiyo lazima apime tena, kipimo cha kirusi chenyewe.

Akasema sawa, atapima. Afu akarudi palepale. "Ila nani kanipa?"

Basi nikamweleza kwa mfano wa mtihani, maana kaka alisoma mpaka form four na kwenye kuibia alikuwa bingwa. Kwenye chumba cha mtihani watoto arobaini wakiandika jibu sahihi hakuna cha ajabu, wote wamesoma. Lakini wawili wakiandika kwamba mji mkuu wa Zambia ni Lilongwe, na wote wawili hiyo Lilongwe wameiandika "Lilogwe", mwalimu hana haja ya kuuliza mtu, hawa walikaa dawati moja. Wanaoibiana hukamatwa kwa majibu ya makosa.

Kirusi cha C ndo kiko hivo. Maandishi yake yana urefu wa herufi kama 9,600, ni RNA, ndugu yake DNA, herufi nne tu zinazojirudiarudia. Kikiingia kwenye ini kazi yake ni kujinakili usiku na mchana, kwa mgonjwa mmoja vinaweza kutengenezwa virusi trilioni moja kwa siku, na kile kimeng'enya kinachonakili hakina tabia ya kurudia kusoma kilichoandika, kinaandika tu kama dogo anayekimbizana na kengele. Makosa yanakuwa mengi mno. Mengine yanakiua kirusi chenyewe, mengine hayakidhuru, hayo yasiyodhuru ndo yanarithiwa na nakala zinazofuata, na yakihamia kwa mtu wa pili yanaenda nayo, halafu kwa huyo wa pili yanaongezeka mapya. Kwahiyo ukichukua damu za watu hamsini wa maskani moja ukasoma kipande kilekile cha maandishi, kompyuta inawapanga kwa kufanana kwa makosa, unatoka mti kabisa wenye matawi, hawa watatu wako kwenye kitawi kimoja, yule yuko peke yake kule, wale wanane wamesongamana kama nyumba za Manzese.

"Kwahiyo kina ukoo," kaka akasema.

Kina ukoo na kina kabila. Makabila makubwa wameyahesabu nane, wanayaita jenotaipu, la nane limeelezwa juzi tu hapa, 2018, kwa watu waliotokea Punjab, India, na la saba lilipatikana kwa watu wa Kongo. Ndani ya kila kabila kuna koo, 1a, 1b, 3a, 4a, 4d, kwa ujumla zinazidi tisini. Tofauti ya kabila na kabila ni kama herufi thelathini kwenye kila mia, ambayo kwa kirusi ni tofauti kubwa mno. Na kila kabila lina historia yake ya jinsi lilivyosafiri. 1a na 3a ndo zinazotajwa sana kwa watu wanaojidunga Ulaya, Marekani na Australia, hizo ni za barabarani, zimetembea na sindano na damu za kuongezewa kuanzia kipindi cha vita kuu ya pili kuja mbele. La 4 ni la kwetu, Afrika ya Kati ndo kuna aina zake nyingi kuliko sehemu yoyote. Waliopima watu wanaojidunga hapa Dar na wenzao wa Kenya wamekuta zaidi 1a na 4a. Hebu fikiria hiyo kidogo, kwenye kijiko kimoja cha maskani ya uswahilini kwetu anakutana mgeni aliyezunguka dunia nzima na mwenyeji wa bara hili.

Kwenye 4a kaka alitaka nimalizie, sababu 4a ndo ukoo uliotapakaa Misri. Na Misri haukutapakazwa na mateja. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 1980 serikali ya kule ilikuwa inatibu kichocho kwa sindano za mshipa, vijiji vizima vya wakulima vinapangwa foleni, sindano za kioo zinarudiwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa inavyotakiwa. Watu walienda kutibiwa kichocho wakarudi nyumbani na C bila kujua. Misri ikaja kuwa nchi inayotajwa kwa C kuliko nchi yoyote duniani, na watu wale walikuwa wakulima wa mpunga na pamba waliotii walichoambiwa na daktari. Hapo kaka alinyamaza muda mrefu, akawa anachokonoa chipsi. Mi nadhani alikuwa anamfikiria yule wa "mnapeana wenyewe". Mimi nilikuwa namfikiria, kwa kweli, na sikuwa namfikiria vizuri.

Sasa kama mti upo, kwa nini siwezi kumchekia nani kampa? Ni kweli iliwahi kufanyika. Kule Valencia, Hispania, kulikuwa na daktari wa usingizi, mwenyewe ana C na mwenyewe mtumwa wa dawa za maumivu, kwa miaka mingi mpaka 1997 alikuwa anajidunga dawa ya mgonjwa kwanza, kinachobaki anampa mgonjwa. Mamia ya watu wakaugua. Wanasayansi wakasoma virusi vya wagonjwa na cha daktari, wakachora mti, watu 275 wakaonekana wametoka kwenye tawi lake, na wengine 47 waliodhaniwa ni wake mti ukawatoa, wao walipata kwingine. Mwaka 2007 mahakama ikamfunga miaka 1,933. Kaka alicheka hapo, mara ya kwanza siku ile, "hiyo miaka atamalizia akhera".

Ila angalia kule walikuwa na nini. Walikuwa na damu ya daktari. Walikuwa na daftari la hospitali, nani kafanyiwa upasuaji tarehe ngapi na nani alikuwa zamu. Maskani hakuna daftari. Nikamrudisha kwenye Lilogwe, mwalimu akiwakuta wawili na kosa moja anajua wanahusiana, ila hajui nani kamwibia nani. Na inawezekana kabisa wote wawili wameibia kwa wa tatu aliyekaa dirishani, ambaye karatasi yake haijasahihishwa, au ambaye alishatoka chumbani. Mti ule wa kawaida hauna mshale. Unasema mko karibu, hausemi fulani ndo kampa fulani. Kwa sababu hiyo mi huwa naogopa nikisikia mtu anataka vipimo vya vinasaba "ili tuwajue wanaosambaza". Kwa nchi ambayo teja akionekana anakimbizwa, ukimpa mtu karatasi yenye matawi ataisoma kama orodha ya washtakiwa.

Faida ya mti ni nyingine. Unaonyesha njia. Mwaka 2015 kuna mji mdogo Marekani unaitwa Austin, uko Indiana (siyo ule wa Texas), watu kama elfu nne tu, ikalipuka HIV kwa watu waliokuwa wanajidunga vidonge vya maumivu, kwenye wilaya ile wakapita mia mbili. Walipopima wakakuta karibu wote wana C, na mti wa C ukaonyesha kirusi hicho kilishapita kwenye vijiwe vilevile miaka kadhaa kabla, kikiingia mara nyingi kwa nyakati tofauti. Yaani C ilishachonga barabara, HIV ikaja kupita kwenye lami. Mtu aliyeuona ule mti mapema angejua sindano safi zipelekwe wapi.

Na hapa Dar barabara zenyewe tunazijua hata bila kompyuta. Unga ulikuwepo tangu miaka ya themanini, watu wanavuta, wanachanganya na bangi. Kujidunga kukashika kasi ule mweupe ulipoingia, maana unayeyuka kwenye maji kirahisi. Kaka anasema maskani kwao watu wengi walijitahidi sindano isiwe ya kuchangia, hasa baada ya wale wa mashirika kuanza kupita Temeke na kwingine wanagawa mabomba mapya ya sindano. Tatizo ni vinavyoizunguka sindano. Kijiko kimoja. Chupa moja ya maji, kila mtu anachovya bomba lake humo. Kipamba kimoja cha kuchujia, ambacho hakitupwi, kinatunzwa, kwa sababu siku ya arosto, mwili unadai unga na huna, unakikamua. Ukimuuliza mtu "unachangia sindano?" atakujibu hapana na atakuwa hajadanganya. Na kuna mambo mabaya zaidi ya hayo, watafiti waliandika mwaka 2005 kuhusu wadada wa hapahapa mjini, mwenye hela anajidunga, anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzake asiye na hela aingize, wakiamini humo ndani kuna unga kidogo wa kumtuliza. Kwao ilikuwa huruma, mtu anamwokoa mwenzie na arosto kwa alichonacho.

HIV nje ya mwili ni dhaifu, C ni ngumu. Watu wa chuo cha Yale walijaza damu yenye C kwenye mabomba wakayaacha mezani, wakawa wanapima wiki kwa wiki, kwenye yale yanayobakisha damu nyingi kirusi kilikuwa hai mpaka siku ya 63. Siku sitini na tatu! Nilienda na mabomba mawili kutoka dukani nimwonyeshe. La kwanza lile la kawaida, sindano inachomoka, ukilisukuma mpaka mwisho bado kuna tone limebaki pale shingoni kwenye kiungio, unaliona kwa macho. La pili lile dogo la insulini, sindano imeshikana na bomba, ukisukuma hakibaki kitu cha kuonekana. Nilivuta maji yenye wino mwekundu kwenye yote mawili nikasukuma nje, nikavuta maji safi, nikasukuma kwenye kifuniko cheupe cha chupa. Ya lile la kwanza yakatoka pinki. Kaka akakiangalia kile kifuniko, akasema, "Tulikuwa tunasuuza hivi. Mara moja, maji ya kandoro, tunaona imetakata."

Hapo ndo akaniambia alichokuwa anauliza tangu asubuhi.

Kulikuwa na mshkaji wake, naye namuita Kiberiti kwa sababu ndo walivyomuita, mwembamba, kichwa kikubwa. Walikuwa wanakula pamoja, kulala pamoja, kete moja watu wawili. Na sheria ya maskani ni kwamba mwenye hela ndo anaanza. Kaka ndo alikuwa na hela, zile za pasi na mtungi wa gesi, kwahiyo kaka anaanza, Kiberiti anafuata, bomba lilelile, maji ya kandoro mara moja. Kiberiti alikufa mwaka mmoja kabla kaka hajaingia kliniki. Macho ya njano, miguu imekonda kama vijiti na tumbo limejaa maji kama mjamzito. Kwao walisema karogwa, wengine wakasema ngoma. "Sasa," kaka akasema, "nilikuwa naanza mimi."

Nilitaka kumwambia si yeye. Ningeweza kusema, hakuna wa kunipinga. Ila nilishamwambia mwenyewe mti hauna mshale, na Kiberiti karatasi yake imezikwa. Inawezekana Kiberiti alikuja nayo kutoka kwingine, kabla ya kaka alikuwa na watu wake wengine. Inawezekana wote wawili walikipata kwenye ile chupa ya maji siku moja. Nilimwambia hayo, ni kweli yote, na niliona hayamsaidii sana. Mama alivyotoka akatukuta tumekaa kimya na mabomba mawili na kifuniko cha pinki tukalazimika kueleza kwanza hicho.

Ijumaa majibu ya pili yakatoka, kirusi kipo. Kuhusu dawa sikumficha kitu wala sikumpamba. Zipo, ni vidonge, sofosbuviri na daklatasviri, wiki 12, na wanaopona ni zaidi ya 95 kwenye mia, kupona kabisa, siyo kufubaza kama HIV. Na dawa hizi haziulizi ukoo, uwe 1a uwe 4a zinafanya kazi, ile elimu yote ya makabila niliyompa kwa matibabu yake haina kazi kubwa (akanicheka). Sofosbuviri ilivyotoka Marekani mwaka 2013 kidonge kimoja kilikuwa dola 1,000, kozi dola 84,000, baadaye viwanda vingine vikaruhusiwa kuitengeneza, bei ikaporomoka, Misri wakaitengeneza wenyewe kwa chini ya dola 100, wakapima watu zaidi ya milioni 60 na kutibu zaidi ya milioni 4, wale wajukuu wa foleni za kichocho. Sisi tunafuatilia kupitia daktari wa ini, kuna karatasi, kuna njoo kesho, tutafika. Ila nilimkazia kitu kimoja, kupona hakumpi kinga. Akirudi kwenye kile kijiko, hata cha mtu mwingine kabisa, anakipata upya.

"Sirudi," akasema. Afu akasema, "Lakini wao wako pale."

Aliomba kalamu. Nyuma ya bahasha ya majibu akaandika majina, yale ya maskani, maana mengi hajui ya kuzaliwa. Shombe. Babu Kaa. Mpare. Mama Chupa. Alikuwa anaandika anasimama, anafikiria, anaandika tena, yakafika kumi na moja. Halafu akarudi juu akakata Kiberiti kwa mstari mmoja, akakata wengine watatu ambao mi sikujua kama wamekufa. Yakabaki saba. Akahesabu kwa kidole mara mbili, akaniuliza kile kipimo cha kwanza, cha kutoboa kidole, kinachukua dakika ngapi. Nikamwambia kama ishirini. Akaniuliza kama naweza kwenda na vya kutosha watu saba na yule anayegawa mabomba mapya, na kama Jumamosi niko shifti.

Jumamosi nilikuwa shifti. Nimebadilishana.